Vifungo Thelathini na Viwili

Washauri wawili wa askofu walifika kwa Velda Mikkelsen saa kumi jioni, siku ya Jumanne, wamevaa tai. Tai zenyewe zilitosha kusema kuna jambo, maana pale Shilo mwanamume havai tai Jumanne ila pawe na maiti.

"Nani kafa?" Velda akauliza kabla hawajavua kofia.

"Hajafa mtu, Dada Velda," akasema Glade Anderson, yule mrefu. "Tunapita tu."

"Na tai?"

Glade akamtazama mwenzake. Mwenzake akatazama viatu vyake.

"Haya, ingieni. Ila hiyo nguo mezani msiiguse! Glade, mikono yako inanuka trekta toka mlangoni."

Nguo yenyewe ilikuwa gauni la harusi la Janeal, binti yake wa mwisho, limelazwa kifudifudi juu ya shuka safi. Mgongoni, toka shingoni hadi chini ya kiuno, Velda alikuwa akishonea vitanzi vya uzi wa hariri, na kila kitanzi kilikuwa na kifungo chake kidogo kilichovikwa kitambaa, ukubwa wa punje ya njegere. Thelathini na viwili. Ishirini na saba vilikuwa tayari.

Sasa, Shilo ni mji wa wajukuu wa Wadenmaki: watu mia nane, majina ya ukoo manne. Ukiita Mikkelsen barabarani watageuka sitini. Kwa hiyo kila mtu ana jina la kubandikwa, apende asipende. Mume wa Velda ni Reed Kimya, ili asichanganywe na binamu yake Reed Trekta. Askofu ni Lamont Bata, kwa sababu ya mabata mzinga wake elfu tisa. Na Velda ni Velda Mlango, kwa kuwa tangu aolewe hakuna aliyewahi kuukuta mlango wake umefungwa wala meza yake ikiwa tupu.

Ndiyo maana washauri wa askofu walikula kwanza. Vipande viwili viwili vya pai ya tofaa, na maziwa juu. Walisifu ukoko. Walizungumzia zamu za maji ya mfereji, nani kafungulia lango la mwenzake. Muda wote huo bahasha nyeupe ilikuwa inachungulia mfukoni mwa Glade, na Velda aliiona, na Glade alijua kwamba ameiona.

"Ongeza," Velda akasema.

"Nimeshiba, dada. Wallahi—" akajishika, maana kuapa si adabu. "Nimeshiba kabisa."

"Basi toa ulichokuja nacho kabla hakijalowa jasho."

Glade akaitoa. Uso ulikuwa umemwiva kama nyanya. Velda akarudisha miwani puani na kusoma akiwa amesimama. Aliitwa mbele ya baraza la askofu Jumapili, saa moja jioni, kujibu shtaka la mwenendo usiompasa muumini. Adhabu ingeweza kufikia kutengwa na Kanisa.

"Ni ile barua ya gazetini," akasema.

"Ni ile barua," Glade akakiri.

"Mistari kumi na moja!"

"Ilisomwa hadi makao makuu ya Kanisa, Salt Lake, dada. Wakubwa wamempigia simu askofu. Mara mbili."

Walipotoka, Velda aliwafungia pai iliyobaki wampelekee mke wa Glade. Mazoea hayana macho.

*

Kisa chenyewe kila mtu Shilo alikijua, kwa sababu wanawake tisa walikishuhudia. Mwezi wa tatu, askofu alisimama madhabahuni akasema kwamba kule mji mkuu wa jimbo kuna mkutano juu ya kile kifungu cha haki sawa kilichotakiwa kuingizwa katika katiba, wanawake wawe sawa na wanaume mbele ya sheria, na kwamba Kanisa limekipinga. Kila kata ya Kanisa, yaani kila usharika, ilitakiwa kutoa wanawake kumi. Kazi ya kujaza basi alipewa Velda, maana nani mwingine angeweza? Akajaza. Akapika mayai ya sandwichi hamsini. Ndani ya basi askofu akawaambia: "Huko kuna karatasi nyingi, akina dada, msijisumbue kuzisoma. Mbele atakuwapo mama mwenye skafu ya manjano. Akiinua skafu, simameni mseme hapana."

Lakini ukumbi ulikuwa na joto, hotuba zilikuwa ndefu, sandwichi zikaisha, na Velda hajui kukaa bure. Akaisoma karatasi iliyokuwa mapajani pake. Akaisoma tena. Skafu ilipoinuka, wanawake tisa wa Shilo walisimama. Wa kumi alibaki kitini.

Hilo wangemsamehe. Shida ni kwamba aliporudi aliliandikia gazeti la wilaya. Alisema kuwa yeye ni mpishi wa shule miaka kumi na tisa, na anayefagia jiko analipwa zaidi ya anayepika humo kwa sababu anayefagia ana ndevu. Alisema kuwa wameambiwa wapinge karatasi bila kuisoma, na kuwa yeye kaisoma na haoni ubaya wake. Akamaliza kwa kuwatakia wote Pasaka njema.

"Andika nyingine," Reed akasema usiku ule wa bahasha, akikata nyama. Alikuwa ametoka kiwanda cha kuchinja bata, na maneno yake ya siku nzima huyaweka kwa chakula cha jioni, yasiyozidi ishirini. "Sema ulikosea."

"Nilikosea nini?"

"Sijui. Kitu. Kila mtu amekosea kitu."

"Reed, wewe umeisoma?"

"Nimeisoma."

"Na?"

Reed akatafuna muda mrefu. "Yule mfagiaji kweli analipwa zaidi," akasema.

Janeal alikuwa hajashika uma. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, mwembamba kama baba yake na mwenye mdomo kama mama yake, ila usiku huo mdomo ulikuwa umefungwa. Harusi ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata, katika hekalu la Manti, lile jeupe juu ya kilima, linaloonekana toka dirisha la jikoni kwao. Na hekaluni huingii bila kibali: kikaratasi kidogo chenye sahihi ya askofu. Asiye na kibali hukaa nje, hata kama bibi harusi katoka tumboni mwake. Mama wa bibi harusi ndiye humvisha kule ndani. Yeye ndiye hufunga vifungo.

"Mama," Janeal akasema, "mimi sikuulizi unaamini nini. Nakuuliza, utakuwepo?"

"Nitakuwepo, mwanangu. Nikose wapi?"

"Ndani?"

Velda akainuka kwenda kuangalia oveni, ambayo haikuwa na kitu.

*

Siku zilizofuata zilimkera kuliko lile shtaka. Simu ambayo ilizoea kulia hadi anaijibu kwa kiwiko, ikanyamaza. Jumatano hakuja mtu. Alhamisi alikuja msichana wa jirani, akasimama barazani bila kuingia, akisema ametumwa picha za Nuhu na wanyama, kwa kuwa darasa la watoto ambalo Velda hulifundisha Jumapili kapewa mwalimu mwingine. Velda akampa, akahesabu twiga wote wawili wapo. Dukani, Dada LaVon, aliyekuwa amekaa naye kiti kimoja kwenye basi, alisimama kwenye rafu akisoma kopo la maharage kana kwamba ni maandiko matakatifu.

"Limeandikwa nini, LaVon?" Velda akamuuliza.

"Eh? Chumvi," LaVon akasema. "Chumvi nyingi sana siku hizi." Akasukuma kigari chake mbio.

Nyumbani Velda hakutulia. Alisugua sakafu iliyokwisha kusuguliwa. Alihamisha kabati toka ukuta huu hadi ule, asubuhi akalirudisha. Alioka mikate sita, na jioni ilikuwepo mikate sita. Kila alipokaa kushona vitanzi vilivyobaki, macho yake yalikimbilia dirishani, kilimani kule, na sindano ikamchoma. Mwishowe alikigeuza kiti, akashona akiwa amelipa hekalu kisogo.

Jumamosi akakifunga kitanzi cha thelathini na mbili. Akamwambia Reed, "Nitatia sahihi. Chochote watakachoniletea. Mtoto huolewa mara moja."

Reed akashusha pumzi iliyosikika hadi uani.

*

Ofisi ya askofu ilikuwa inatandikwa zulia jipya, kwa hiyo baraza lilikaa katika chumba cha watoto. Askofu, washauri wawili na karani, wanaume wanne wenye miili ya kutosha, walikalia vile viti vidogo vya rangi, magoti yamegusa videvu. Velda akapewa chekundu. Ukutani Nuhu alikuwa amerudi na wanyama wake. Mwalimu mpya kaweka simba karibu mno na kondoo. Reed aliambiwa asubiri kwenye korido.

Waliomba. Kisha askofu Lamont Thorup akakohoa. Alikuwa mtu mnene mpole, ananukia sabuni, mwenye mikwaruzo ya makucha ya bata hadi kwenye viwiko. Hakuwa mchungaji wa kusomea. Pale kwao askofu ni jirani yako tu, anapewa kazi, anaibeba.

"Dada Velda, hatukukuita kwa maoni yako. Kila mtu ana maoni."

"Nashukuru, askofu. Basi niende nyumbani?"

Glade akatoa kikohozi kilichofanana na kicheko, akakimeza.

"Umeandika gazetini kwamba niliwapeleka kama ng'ombe."

"Sikuandika ng'ombe. Niliandika basi."

"Ulisema niliwaambia msisome."

"Hukutuambia?"

Askofu akajipangusa shingo. "Dada, unafikiri mimi napenda jambo hili? Ghala langu lilipoungua ulitulisha siku kumi na tisa. Nyumbani kwangu Arva hajasema nami tangu Jumanne. Lakini nimesimamishwa hapa kuilinda kata. Si kila kweli ni ya gazetini."

"Kwa hiyo ni kweli."

"Nimesema si kila kweli."

Akamwashiria karani. Stanford Nielson, kijana wa benki aliyepewa ukarani wiki tatu tu nyuma, akatoa karatasi mbili zilizopigwa taipu vizuri. Ilikuwa barua kwa gazeti, tayari, imebaki jina. Velda akitia sahihi, baraza lingemwonya kwa mdomo, mambo yakaisha, kibali akabaki nacho.

Velda akapokea kalamu. Hakuwa amekuja kubishana. Aliiona mikono yake mwenyewe mgongoni kwa Janeal, kikulabu cha kufumia kikivuta kitanzi juu ya kifungo, kimoja, kingine, kingine. Akainama juu ya karatasi, na herufi zikamchezea kama sisimizi. Akapapasa shingoni. Miwani aliiacha nyumbani, juu ya gauni.

"Nisomee, Stanford."

Stanford akasoma mistari mitatu. Alikuwa msomaji wa polepole, mwenye kukwama. Askofu akatazama saa, akamtazama yule mama aliyejikunja kwenye kiti chekundu, na huruma ikamjaa. Huruma ya kweli, wala si ya uongo.

"Dada Velda," akasema kwa upole, "umechoka, sisi tumechoka. Huna haja ya kusoma yote. Tuamini sisi. Weka jina lako tu, uende kwa mwanao."

Kalamu ikasimama.

Kwenye korido benchi likalia chini ya Reed.

"Ndivyo ulivyotuambia kwenye basi, Lamont," Velda akasema.

Katika miaka sita ya uaskofu wake, Velda hakuwahi kumwita kwa jina ndani ya jengo lile.

"Nisomee yote, Stanford. Taratibu. Sina pa kukimbilia."

Stanford akasoma yote. Kwamba alipotoshwa na wanawake wasiomcha Mungu. Kwamba ni mtu wa elimu ndogo. Kwamba anajuta. Na kwamba askofu wake hakuwahi kuwaelekeza namna ya kupiga kura.

"Hiyo ya elimu ndogo nitaimeza," Velda akasema. "Hao wanawake wasiomcha Mungu siwajui, nilikuwa na LaVon, lakini nitawameza nao. Ya mwisho sasa. Lamont, ni kweli?"

Askofu akamtazama Nuhu.

"Nakuuliza wewe. Ni kweli?"

Macho ya askofu yakahamia kwa twiga.

"Kila mwaka mnaniita mnaniuliza yale maswali ya kibali. Kuna moja linasema, je, u mwaminifu katika mambo yako na wenzako? Nami najibu ndiyo, mnanipa kikaratasi. Leo mnataka niseme uongo ili nibaki na kikaratasi cha watu wasiosema uongo. Mimi mpishi tu, Lamont. Nifafanulie hesabu hiyo."

"Velda," akasema Glade kwa sauti ndogo, "fikiria Janeal."

"Unadhani nafikiria nani?"

Akaiweka kalamu sakafuni, kwa kuwa meza haikuwepo.

Walimtoa nje. Dakika arobaini alikaa na Reed kwenye benchi, mabega yakigusana. Reed alikuwa amesikia kila neno. Milango ya jumba lile ni mbao nyembamba. Alimshika mkono, na mkono wake ulikuwa wa baridi kama wa kiwandani. Velda aliporudishwa ndani, askofu alisoma uamuzi huku machozi yakimtiririka hadi kidevuni bila kuyafuta. Ametengwa. Aje ibadani akipenda, lakini sahani ya mkate ikipita asichukue. Asiombe kwa sauti mbele ya watu. Na kibali, tafadhali.

Velda akakitafuta katika mkoba. Alikikuta kati ya kuponi ya unga na orodha ya mayai. Karani alikipokea kwa vidole viwili, kama kitu cha moto.

*

Stanford Nielson, kama nilivyosema, alikuwa mgeni wa kazi. Jina la mtu likitolewa katika daftari la kata, karani hujaza kipande cha karatasi. Aliyehama, kipande chake huenda kata aliyohamia. Aliyefariki, huenda kwa Dada Thora Lund, mkuu wa pole na rambirambi wa chama cha akina mama. Wa kutengwa hakuwa ameonyeshwa pa kumpeleka, maana Shilo haikuwa imetenga mtu miaka ishirini. Akaona bora kipite kwa Dada Thora.

Dada Thora alikuwa kwa dadake Richfield wiki nzima, akinywa kahawa, iliyokatazwa na Kanisa, ambayo kwake ni dawa ya kifua. Akarudi Jumatatu usiku, akakuta kipande: *Velda Mikkelsen, jina limeondolewa.* Akalia hadi mto ukalowa. Alfajiri akashika simu, na kwa sauti ya kilio akawaambia akina mama saba neno moja tu kila mmoja, lile ambalo Shilo halihitaji maelezo: "Viazi. Kwa Reed Kimya. Saa kumi na moja." Akakata.

Yaani viazi vya matanga: vilivyokwaruzwa, vikachanganywa na jibini na malai, juu vikanyunyiziwa kornifleksi. Hao saba walijua fika kuwa Velda yu hai. Lakini kila mmoja alikuwa amekaa siku nane akitamani kwenda na akiogopa kuwa wa kwanza, na sasa amri imetoka juu. Dada Thora akisema viazi, unapika viazi.

Velda alifungua mlango akamkuta LaVon na bakuli la moto. Nyuma yake Dada Fern na bakuli. Nyuma ya Fern, wengine wanne, mabakuli manne. Nyuma kabisa, akipanda ngazi akihema, Dada Thora mwenyewe kavaa nyeusi, ambaye alipoinua macho na kumwona marehemu kasimama na aproni, alitoa ukelele uliowarusha kunguru wa kata nzima.

"Thora! Una nini?"

"Velda! Wewe si umekufa?"

"Nani kakwambia?"

"Karatasi!"

Basi. Ikabidi aketishwe, apepewe, aelezwe. Na alipoelewa, alimgeukia LaVon. "Na ninyi mlijua? Mbona mmeleta viazi?"

"Si uliagiza?"

"Nanyi hamkuuliza kwa nini?"

Wanawake wakatazamana juu ya mabakuli yao. Ni Velda aliyeanza. Kicheko kilimtoka tumboni, kikamkunja hadi akashika meza. "Mmefanya tena!" akasema huku machozi yakimtoka. "Jamani, mmefanya tena! Mwenye skafu kainua, nanyi hao!" LaVon akacheka akiwa analia, au akalia akiwa anacheka, hakuna aliyejua, naye mwenyewe hajui hadi leo.

Wakala. Ungefanyaje na mabakuli yale? Reed alirudi kazini akakuta nyumba imefurika, akasimama mlangoni kama mtu aliyekosea mtaa, kisha akavua kofia na kuchukua sahani.

Wa saba alikuja baadaye, wenzake walipokwisha kutoka. Arva Thorup, mke wa askofu. Aliingia kwa mlango wa nyuma, akatua bakuli, akakunja mikono ya blauzi na kuanza kuosha vyombo bila kusalimu. Arva alikuwa fundi wa kushona mablanketi ya viraka. Mishono yake ilihesabiwa kwenye maonyesho ya wilaya, kumi na minne kwa inchi, na hakuna jicho lililowahi kuona mmoja ulioyumba.

"Sikuja kumtetea Lamont," akaliambia lile beseni.

"Sikukuuliza."

"Wala sikuja kumsema."

"Hilo nalo sikukuuliza, Arva. Futa mikono, kuna jambo nataka."

Akamwita Janeal, akamvisha gauni, akampa Arva kikulabu. "Mimi siingii. Mama wa bwana harusi ana mikono kama viazi hivi. Ni wewe. Anza juu, ushuke. Usivute kitanzi, kibembeleze."

Arva alivifunga vyote thelathini na viwili. Akavifungua. Akavifunga tena. Mara zote mbili hakukosea hata kimoja, wala hakuinua uso. Janeal alikuwa amesimama wima akiukodolea macho ukuta, na kila kifungo kilipoingia mabega yake yalishtuka kidogo.

*

Jumamosi Velda alivaa gauni la bluu alilojishonea kwa ajili ya ndani, akakaa nalo nje, kwenye ukingo wa mawe chini ya kuta nyeupe za Manti. Alimlazimisha Reed kuingia. "Mtoto asiingie kama yatima," alimwambia. Reed aligeuka mara tatu kabla mlango haujammeza.

Ukingoni pale alikuwepo mtu mwingine mmoja, mjomba wa bwana harusi toka Nevada, kavaa suti ya kuazima, anageuzageuza paketi ya sigara asiyothubutu kuifungua.

"Wewe umekosa nini?" akamuuliza Velda.

"Barua. Na wewe?"

"Sigara."

"Za miaka mingapi?"

"Thelathini."

"Mimi ni moja tu, mistari kumi na moja."

Mjomba akafikiri. "Umepunjwa, mama. Yangu angalau nimeifaidi."

Velda akacheka, kisha akaona kuwa hawezi kukaa. Alizunguka bustani. Alinyoosha tai ya mjomba. Alihesabu madirisha ya ghorofa ya pili akijiuliza ni lipi, akapoteza hesabu, akaanza upya. Saa nzima na robo.

Mlango ukafunguka. Bwana harusi kwanza, masikio mekundu, kisha Janeal, mweupe juani hata ukitazama unaumia macho. Nyuma yao Reed, na wazee wa bwana harusi, na askofu na kofia mkononi, na Arva, na wale akina mama, LaVon na Thora na Fern na wenzao, wote wenye vibali, wote wametoka ndani. Mpiga picha akaanza kupanga watu kwenye ngazi. Velda alikuja akasimama pembeni, hatua mbili nje ya mstari, hajui kama pembeni ndiko kwake.

Upepo wa kilimani ukainua shela.

Akaona. Shingoni palikuwa na kitanzi kitupu. Kifungo cha kwanza kimeingia kitanzi cha pili, cha pili kimeingia cha tatu, na hivyo hivyo hadi chini, mstari mzima umepanda upande kama shati la mtoto aliyejivika mwenyewe, na mwishoni kifungo kimoja kinaning'inia bila kwao.

"Simama hapo hapo," Velda akasema.

"Mama, picha—"

"Picha gani na mgongo huu? Geuka."

"Mama, watu wote hawa!"

Kweli, gauni lile usingelifungua mbele ya watu. Velda akasita, mkono hewani. Ndipo LaVon alipoondoka kwenye ngazi. Alikuja akasimama, akampa Janeal mgongo, uso nje. Fern akaja akasimama karibu yake, bega kwa bega. Thora. Wengine wanne. Arva akaziba pengo la mwisho. Hivyo ndivyo wanaume wa Shilo husimama wakimbariki mtoto mchanga, duara, nyuso ndani. Wanawake hawa walisimama nyuso nje, na ndani ya duara la sketi zao wakabaki mama na binti tu.

Kikulabu cha akiba kilikuwa mkobani, mahali pale palipokuwa na kibali. Velda akavifungua vyote. Kisha akaanza juu.

"Walisema nini huko ndani?" akanong'ona kwenye cha tatu.

"Mama, haturuhusiwi kusema."

"Basi usiseme. Kaa kimya nikufunge."

Cha saba. Cha kumi. Mgongo wa Janeal ulikuwa wa moto chini ya kitambaa, na safari hii mabega hayakushtuka. Yalikuwa yanateremka, kidogo kidogo, kama mtu anayetua mzigo.

"Nilikutafuta," Janeal akasema kwenye cha kumi na tano. "Nilijua hupo, lakini nilikutafuta."

"Nilikuwa hapa nje na mvuta sigara."

Janeal akacheka, kitanzi kikamponyoka Velda, akakishika tena.

"Akina mama, jua linahama!" mpiga picha akalalamika.

"Lihame," Thora akamjibu.

Kwenye cha ishirini na tisa Velda aliinua macho, akakutana na kisogo cha Arva, nywele zimebanwa vizuri, hakuna unywele uliochomoka. Akaikumbuka jioni ile ya viazi. Mara mbili, hata kimoja hakukosea.

"Arva," akasema polepole. "Ulianzia wapi hivi vifungo?"

"Mkono ulinitetemeka," Arva akasema bila kugeuka.

"Wako?"

"Wangu. Uzee."

Velda akarudi kwenye vitanzi. Alibembeleza cha thelathini, na cha thelathini na moja, na macho yakamjaa hata cha mwisho akakitafuta kwa kidole.

Nje ya duara viatu vizito vilisogea kwenye changarawe. Ilikuwa sauti ya askofu, yenye haya, kama ya mtu anayebisha mlango asiokuwa na hakika nao.

"Arva? Bado tu?"

"Bado, Lamont," mkewe akamjibu. "Tunasoma yote."